Taichi: Kujihami bila Kushindana kwa Nguvu

Tuwaonapo watu wakifanya taichi polepole, twadhani ni mazoezi ya wazee tu. Kumbe asili yake ni mapigano, na ukoo wa Chen wa kijiji cha Chenjiagou, mkoani Henan nchini China, wairithishana tangu karne ya 17.

Msingi wake ni kutopinga nguvu kwa nguvu. Mama akikamatwa mkono na mhalifu, huvuta nyuma, na katika kuvutana mwenye nguvu ndiye ashindaye. Taichi yafundisha njia nyingine: kunja magoti kidogo, simama imara, kisha zungusha kiuno, mkono upite palipo na kidole gumba cha aliyekushika, kwani hapo mshiko ni dhaifu. Ukichomoka, piga kelele na ukimbilie penye watu, usibaki kupigana.

Kusoma pekee hakutoshi. Wenye fani hii hujizoeza wawili wawili, wakisukumana mikono, hata mwili ukazoea. Basi mama na binti wajaribu nyumbani, taratibu.

Na mwenye kisu akitaka mkoba, mpe. Mali hutafutwa, roho haina badala.