Kiswahili kilipotesa London

Skiza hii stori. Mzee mmoja amesota. Anaona wamama wawili wenye pesa, wote wameolewa, anaamua kuwatongoza ili ale za waume zao. Anaandika barua moja tamu ya mapenzi, anabadilisha jina tu, anaituma kwa wote wawili. Shida ni moja: hao wamama ni mabeste. Wanaweka barua kando kwa kando, wanacheka hadi machozi, halafu wanapanga kumnyorosha.

Ukiambiwa hiyo ni skrinshoti ya wiki jana, si utaamini? Ni The Merry Wives of Windsor, kichekesho cha William Shakespeare kilichochapishwa mara ya kwanza mwaka wa 1602. Mzee mwenyewe anaitwa Falstaff.

Sasa twende London, Aprili 2012. Ukumbi wa Globe, kando ya mto Thames, uliandaa tamasha la Globe to Globe: michezo 37 ya Shakespeare kwa lugha 37, wiki sita. Waigizaji wawili tu wa Zimbabwe walibeba mchezo mzima kwa Kishona. Sudan Kusini, nchi ambayo haikuwa imefikisha hata mwaka mmoja, ilikuja na Kiarabu cha Juba. Kiswahili nacho kilipewa hao wamama wawili. The Theatre Company ya Kenya na wenzao wa Bitter Pill waliuita Wanawake wa Heri wa Winsa, na Falstaff akawa Mrisho Mpoto, yule mshairi wa Tanzania.

Hebu jiweke pale. Globe haina paa katikati. Ukikata tikiti ya bei ya chini unasimama uani, na mvua ikinyesha ni yako. Hakuna giza la kujificha: mwigizaji anakuona vile unamwona. Na utamu wenyewe uko hapa. Skrini hazikutafsiri kila neno, zilitoa muhtasari mfupi tu wa kila onyesho kwa Kiingereza. Kwa hivyo Mwingereza aliye kando yako anajua Falstaff ameingizwa kwenye kikapu cha nguo chafu na anaenda kutupwa mtoni. Lakini yale maneno anayopigwa nayo kabla ya safari, ni wewe unayeyashika. Unaanza kucheka, anakuangalia, ndipo naye anafuata.

Ni lini mara ya mwisho lugha yako ilikuweka mbele hivyo? Hapa nyumbani tamthilia ya Kiswahili tumeifanya kitu cha mtihani. Kigogo, Bembea ya Maisha: unakariri maudhui, unajibu swali la alama 20, unafunga kitabu. Wengi wetu hatujawahi kuziona zikichezwa jukwaani. Ni kama kusomewa pilau badala ya kupakuliwa.

Na si eti Kiswahili kilikutana na Shakespeare juzi. Mwalimu Nyerere alitafsiri Julius Caesar, kisha Mabepari wa Venisi ikatoka 1969, na zote mbili zilitoka akiwa rais. Alionyesha kuwa lugha hii inabeba mambo mazito. Kubeba kichekesho ni kazi nyingine. Msiba unaweza kuhadithiwa kwa kifupi na bado ukauma, lakini mzaha ukichelewa kidogo umekufa. Lazima neno litoke moto na limpate mtu anayelielewa hapo hapo.

Huyo mtu ni wewe. Kwa hivyo siku ukiona bango la mchezo wa Kiswahili pale Kenya National Theatre, ama hata kwenye ukumbi wa mtaani kwenu, usiseme hiyo ni ya wanafunzi. Buruta mabeste, kaeni mbele. London ilihitaji muhtasari. Wewe huhitaji.