Gari kuukuu lenye mbio: moshi wake utapita mtihani?

Je, msomaji, umewahi kuamshwa usiku wa manane na gari la kijana wa mtaani likipita kwa mlio kama wa bunduki? Kama waishi Nairobi, huhitaji kuelezwa zaidi. Aghalabu huwa ni gari la miaka mingi lililoongezwa nguvu, bomba lake la moshi limekatwa na vifaa vya kusafisha moshi vimeng'olewa. Mwenyewe hutamba kwamba sasa gari lake "linapumua". Majirani zake, hasa wenye watoto wachanga, ndio wanaokosa kupumua.

Kijana huyo angekuwa anaishi Los Angeles, katika jimbo la California nchini Marekani, mambo yangekuwa mengine kabisa. Kila baada ya miaka miwili angelazimika kulipeleka gari lake kupimwa moshi. Likianguka, hapati kuandikisha gari upya, na gari lisiloandikishwa haliruhusiwi barabarani. Hakuna cha kujitetea kwamba ni kuukuu. Magari yaliyoundwa mwaka 1975 au kabla ya hapo ndiyo yaliyosamehewa. La 1976 na kuendelea lazima likalie mtihani, na ajabu ni kwamba magari mengi ya mbio, yaliyobadilishwa hata injini, huupita bila hongo wala ujanja.

Yawezekanaje? Kabla ya kujibu, hebu tuone ukali huu ulitoka wapi.

Mnamo Julai 1943 mji wa Los Angeles ulifunikwa na ukungu mzito uliowatoa watu machozi na kuwakaba koo. Vita vikuu vilikuwa vimepamba moto na wengine walidhani Wajapani wamewarushia gesi ya sumu. Mtu aliyekuja kufumbua fumbo hilo mwanzoni mwa miaka ya hamsini alikuwa mtaalamu wa kemia mzaliwa wa Uholanzi, Arie Haagen-Smit, ambaye kazi yake hadi hapo ilikuwa kuchunguza ladha ya nanasi! Aligundua kwamba mvuke wa petroli isiyoungua na gesi za naitrojeni kutoka kwa magari na viwanda, zikipigwa na jua kali, hugeuka kuwa ozoni, gesi inayochoma mapafu. Mji wenyewe umezungukwa na milima, kwa hivyo uchafu huo hukaa pale pale kama moshi katika jiko lisilo na dohani.

Jimbo liliunda bodi yake ya kulinda hewa mwaka 1967, na mwaka 1984 likaanza kupima magari ya raia. Matokeo? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Southern California waliwapima watoto wa eneo hilo kwa miaka mingi. Katika kundi lililopimwa miaka ya tisini, asilimia 7.9 ya waliofika umri wa miaka 15 walikuwa na mapafu yenye nguvu pungufu mno. Katika kundi la 2007 hadi 2011, ilikuwa imeshuka hadi asilimia 3.6. Ripoti hiyo ilichapishwa mwaka 2015. Mzazi akisoma takwimu hizo, hatauliza tena kwa nini serikali inajishughulisha na bomba la moshi la mtu binafsi.

Sasa turudi kwa mpenda mbio wetu. Tumchukulie kuwa mwanafunzi wa chuo mwenye Honda Civic ya 1995. Gari hilo katika umbo lake la kawaida lina injini ya lita 1.5 yenye nguvu za farasi 102. Hazimtoshi. Anataka kuling'oa dude hilo na kuweka injini ya lita 1.8 ya Acura Integra GS-R, yenye nguvu za farasi 170. Vijana wa California wamefanya badiliko hili kwa miaka mingi sana, na sheria haikatazi.

Sheria inasema hivi. Injini unayotia sharti iwe ya mwaka ule ule wa gari au ya baadaye, si ya kabla. Sharti itoke katika gari la aina hiyo hiyo. Usitie injini ya lori katika gari dogo la abiria. Tatu, na hapa ndipo wengi hunaswa, injini ikihama, ihame na vifaa vyake vyote vya kudhibiti moshi. Kijana wetu akipata injini ya Integra ya 1995, kazi si kubwa. Akishawishika na ya 1998, basi atalazimika kuhamisha na kompyuta yake, vipima oksijeni vyake vyote na nyaya zake, kwa sababu magari ya kuanzia 1996 yalikuja na mfumo mpya wa kompyuta unaojichunguza wenyewe. Bei nafuu ya injini inaweza kumezwa yote na nyaya.

Akimaliza kuunganisha haendi kwa mpimaji wa kawaida. Anaenda kwa mwamuzi, ndivyo anavyoitwa, mtaalamu wa serikali ambaye vituo vyake vingi vimo katika vyuo vya umma vya jimbo hilo. Mwamuzi hufunua boneti na kulinganisha kila kifaa na orodha ya injini ilikotoka. Akiridhika, hubandika kibandiko ndani ya gari kinachotaja injini hiyo na vifaa vyake, na kuanzia siku hiyo mpimaji yeyote atalipima gari kwa mujibu wa kibandiko hicho.

Na vile vikorokoro vya dukani, kama vile mabomba ya kuvuta hewa na mabomba ya moshi ya kuongeza kasi? Hivyo navyo vina cheti. Mtengenezaji hupeleka kifaa chake kwa bodi ya hewa, kinapimwa, na kikionekana hakiongezi uchafu hupewa nambari. Kisicho na nambari kinaangusha gari hata kama moshi wake ni safi kama pumzi ya malaika. Wenye magari hulilalamikia sana jambo hili. Binafsi naona wana hoja kidogo, kwani fundi mzuri anaweza kutengeneza kitu safi kwa mikono yake na asiwe na fedha za kukipeleka maabara. Lakini mpimaji aliye na foleni ya magari atajuaje nani fundi mzuri na nani mbabaishaji?

Baada ya kuangalia vifaa, huja kipimo chenyewe. Katika miji mikubwa ya California, magari ya petroli ya 1976 hadi 1999 kama la kijana wetu hupandishwa juu ya mapipa ya chuma yanayozunguka. Magurudumu yanakimbia, gari limesimama. Linaendeshwa kwa mwendo wa kilomita 24 hivi kwa saa likiwa limebebeshwa mzigo mkubwa, kisha kilomita 40 kwa mzigo mwepesi, huku mrija uliotiwa katika bomba la moshi ukivuta gesi. Yanayotafutwa ni matatu: petroli isiyoungua, kaboni monoksidi ile inayoua watu waliolala na jiko la makaa, na gesi za naitrojeni. Magari mengi ya kuanzia 2000 hayapandishwi mapipa. Huchomekewa waya na kompyuta yake huulizwa maswali. Tangu Julai 2021 huulizwa hata kama programu yake imechezewa.

Msomaji mwenye gari atafaidika akijua yale matokeo yanasema nini, kwani ni kama daktari anavyosoma kipimo cha damu.

Kaboni monoksidi ikizidi, injini inakunywa petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Huenda kipima oksijeni kimezeeka au kichujio cha hewa kimeziba. Petroli isiyoungua ikizidi, kuna mahali moto hauwaki: plagi zimechakaa, waya unavuja umeme, au hewa inaingia kwa ufa wa mpira. Injini za mbio zina tatizo lao la ziada hapa. Kamshafti ya mashindano huacha vali za kuingiza na za kutoa zikiwa wazi kwa pamoja muda mrefu zaidi. Kwa kasi kubwa hilo huleta nguvu. Kwa mwendo wa pole, ule ule wa mtihani, petroli mbichi hupenya moja kwa moja hadi kwenye bomba la moshi.

Gesi za naitrojeni ni kinyume. Hizo hutokea moto ukiwa mkali kupita kiasi. Injini yenye mgandamizo mkubwa, au iliyorekebishwa cheche ipige mapema ili ipate nguvu, huzitoa kwa wingi. Dawa yake ni kurudisha cheche mahali kiwanda kilipopanga, kuhakikisha injini haichemki, na kama gari liliundwa na vali ya kurudisha sehemu ya moshi ndani ya injini ili kupoza moto, ifanye kazi. Vijana wengi huiziba vali hiyo wakidhani ni ya kupunguza mbio.

Juu ya hayo yote kuna katalisti. Huu ni mkebe wa chuma ulio chini ya gari, na ndani yake mna sega la kauri kama la nyuki, lililopakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi ukipita humo, sumu zote tatu hugeuzwa kuwa maji, hewa ukaa na naitrojeni ya kawaida. Ila sega hilo lina masharti. Halifanyi kazi barabara hadi lipate joto la nyuzi 250 hadi 300 hivi, na linataka mchanganyiko wa sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya petroli, kwa uzani. Ukikosea kidogo upande huu au ule, sumu moja hupungua na nyingine hupanda. Ndiyo sababu kipima oksijeni, kifaa kidogo kama plagi, ni muhimu hivyo. Volvo ndiyo iliyokileta katika magari yaliyouzwa California kwa mwaka wa muundo wa 1977.

Basi mwenye busara hujiandaa hivi. Hubadilisha oili kwanza, kwa kuwa oili chafu hubeba mvuke wa petroli unaorudi ndani ya injini. Hutia plagi mpya. Hukagua kifuniko cha tangi, kwani magari ya umri huo hupimwa pia kama tangi linavuja mvuke. Siku yenyewe hulipeleka gari mwendo wa dakika 20 au zaidi katika barabara kuu ili sega lipate moto, na akifika kwenye foleni halizimi injini mpaka zamu yake. Kuna pia kipimo cha majaribio ambacho matokeo yake hayapelekwi kwa waandikishaji wa magari. Ni kama kufanya mtihani wa majaribio kabla ya KCSE.

Wako wanaotafuta njia ya mkato. Kuna wapimaji waliokamatwa kwa kuchomeka mrija katika gari jingine safi na kuandika matokeo kwa jina la gari chafu. Wako pia wanaodai kwa njia ya haki magari ya kale yasamehewe. Mwaka 2025 mswada uliopigiwa debe na mcheshi wa televisheni Jay Leno, mkusanyaji mashuhuri wa magari, ulitaka yaliyotimiza miaka 35 na yenye bima ya magari ya kale yasipimwe. Ulikwama kamatini Agosti mwaka huo.

Na huku kwetu? Kwa miaka mingi hata tungetaka tusingeweza, maana petroli yetu ilikuwa na madini ya risasi, na risasi hulifunika sega na kuliua. Kenya iliachana na petroli hiyo mwanzoni mwa 2006. Mwaka huo huo zikatangazwa kanuni za kudhibiti moshi wa mafuta, na nyingine za ubora wa hewa zikafuata mwaka 2014. Kwa hivyo mafuta yanaruhusu na vitabu vya sheria havikukaa kimya. Magari ya petroli tunayoagiza kutoka Japan nayo huundwa na katalisti zake. Zikikosekana, mara nyingi zimeng'olewa hapa hapa, ama kwa sababu mwenye gari ameambiwa zinakula nguvu, ama kwa sababu yale madini yaliyomo ndani yana bei na kuna mnunuzi.

Kwa hiyo unapokwenda kununua gari la mtu, hasa hili la vijana lililoongezwa mbio, usiridhike na rangi na redio. Ingia chini yake, au mlipe fundi wako aingie. Fuata bomba la moshi kutoka kwenye injini. Ukikuta kipande cha bomba jipya kilichochomelewa mahali penye mkebe, umepata jibu. Ukikuta mkebe upo, ugonge kwa kiganja injini ikiwa imepoa. Ukisikia vipande vikicheza ndani, sega limevunjika. Ukilia kama debe tupu, huenda hamna sega kabisa, na hapo muulize mwenye gari lilikwenda wapi kabla hamjafika kwenye bei.