Usipake nyumba ya shosh rangi kabla hujajua maji yanapita wapi

Najua umeziona hizo video. Ni zile nyumba za zamani za Marekani, ndefu na za chini, zisizo na ghorofa, wanazoziita ranch. Zilijengwa kwa wingi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Sasa hivi unaona matofali yamechoka, ukipepesa macho ukuta ni mweupe, fremu za madirisha ni nyeusi na kuna taa mpya mlangoni. Unazitazama ukiwa ndani ya matatu ya 58, halafu unashuka Buruburu na nyumba ya kwenu inakutia aibu.

Mimi nilianza hivyo. Shangazi alikuwa ametuma Sh80,000 za kurekebisha nyumba ya shosh. Anko naye alikuwa na mpango wake: kung'oa ua wa mbele na kujenga vibanda viwili vya kukodisha, hadi mlangoni kwa shosh. Nikamwomba anipe nafasi kwanza. Nyumba ikipendeza, vibanda tuvisahau. Kwa hivyo elewa, hii haikuwa stori ya rangi tu.

Na bado nikaharibu. Nilipaka mbele yote rangi nyeupe ya mafuta, kisa inang'aa na unaweza kuipangusa na kitambaa. Mvua ya Aprili ilipokuja, sehemu ya chini ya ukuta ikafura kama chapati kwa kikaango, kisha ikaanza kubanduka. Anko alipita, akatazama, akacheka, akaenda zake. Heri angenitusi.

Aliyeniokoa ni fundi mmoja mzee wa mtaa. Hata hakugusa rangi. Alipanda ngazi akatoa majani na kiota kizima cha ndege kwenye mfereji wa paa. Kumbe mfereji ukiziba, maji yanamwagika ukutani kila mvua ikinyesha. Halafu akachimba kando ya ukuta, pale shosh amepanda maua miaka yote. Udongo ulikuwa umepanda juu kuliko ile karatasi nyeusi ambayo hulazwa juu ya msingi ili maji ya ardhini yasipande. Mafundi huiita DPC. Udongo ukiipita, ukuta unakunywa maji kutoka chini, na rangi ya mafuta inayafungia ndani. Lazima yatafute njia ya kutoka, na njia ni kuisukuma rangi.

Tukashusha udongo, tukahamisha maua, tukakwangua rangi. Hapa sikiza vizuri: rangi nyingi za mafuta za zamani zilikuwa na madini ya risasi. Usizipige msasa zikiwa kavu huku watoto wanacheza hapo. Lowesha kwanza, vaa barakoa, zoa maganda yote. Kisha ukuta ukaachwa ukauke wiki kadhaa. Hiyo kungoja ndiyo video hazikuonyeshi.

Madirisha ya chuma nilitaka kuyatupa niweke ya alumini. Fundi akauliza, "Yamekukosea nini?" Kwa kweli, kutu tu. Brashi ya waya, rangi ya kuzuia kutu, halafu rangi nyeusi juu. Yakawa mapya kwa bei ndogo sana ikilinganishwa na ya alumini.

Sasa paa. Buruburu ilijengwa kwa awamu, kuanzia miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, na vile vigae vyekundu ndivyo vinakuambia umefika. Leo jirani mmoja ana mabati ya bluu, mwingine ya kijani, na mtaa unakaa kama nguo ya viraka. Sisi tulikuwa na vigae kumi na kitu vilivyovunjika. Jirani aliyehamia mabati alikuwa amerundika vyake nyuma ya choo, akatupa bure. Kuvu tulisugua kwa brashi na maji. Ile mashine ya kuoshea magari achana nayo, presha yake inaweza kula uso wa kigae na kupitisha maji chini yake.

Rangi ilikuja mwisho, na safari hii ilikuwa ya maji, ya kuta za nje, nyeupe iliyofifia kidogo ili isipigane na vigae. Mlango nilitaka uwe mweusi kama wa Marekani. Shosh akakataa: babu aliupaka bluu, na bluu utabaki. Nikaupaka bluu.

Pesa zilibaki Sh11,000. Anko bado anasema vibanda vingeleta kodi kila mwezi, na sitakudanganya, hesabu yake si mbaya, ingawa ujenzi kama huo unahitaji kibali cha kaunti na yeye hajakiomba. Lakini Jumapili iliyopita alikuja na viti viwili vya plastiki, akaviweka pale uani, akaketi na mamake hadi giza likaingia. Sijamuuliza kitu.