Kingi wa Dama Akatwe Mbawa?

Juzi nilikuwa safarini kutoka Mombasa kwenda Nakuru kwa arusi ya jamaa, na tulipoipita Gilgil gurudumu la gari likapasuka karibu na njia panda ya Kariandusi. Dereva akatafuta jeki, nami nikatafuta kivuli. Chini ya mgunga nilikuta watu kama kumi wameinamia ubao wa dama, na kelele zao ni zile zile za Mwembe Tayari baada ya sala ya Alasiri.

Wasomaji wengi watakuwa wameisikia Kariandusi kwa habari ya mawe. Hapo ndipo mwaka 1928 msafara wa Louis Leakey ulipogundua mashoka ya mawe ya watu wa kale, mengine ya lile jiwe jeusi ling'aalo kama chupa, na wataalamu huyakadiria umri wa miaka 700,000 hadi milioni moja. Jirani yake kuna machimbo ya udongo mweupe uitwao diatomaiti, ambao hutumika kuchujia. Basi nilitaraji kete za wenyeji ziwe jiwe jeusi kwa udongo mweupe. La! Ni vizibo vya soda, kumi na viwili vimelala kifudifudi na kumi na viwili chali, kama kwetu.

Ugomvi ulikuwa umekwisha kupamba moto. Mzee mmoja, aliyestaafu kazi ya machimbo, alikuwa na kingi watatu. Kijana wa bodaboda alikuwa na kingi mmoja tu. Kwa akili ya kawaida mtu angesema mchezo umekwisha. Lakini yule kijana alimweka kingi wake kwenye ile njia ndefu itokayo pembe hadi pembe, akawa anapanda na kushuka. Mzee akamfukuza hata jasho likamtoka. Mwisho wakaambiwa ni sare.

"Huyu si kete, huyu ni jini!" mzee akasema, akivikusanya vizibo. "Katika mashindano ya Desemba kingi wa kuruka apigwe marufuku. Atembee hatua moja moja kama binadamu."

Mashindano yenyewe ni ya vijiji vya pale, na zawadi ni mbuzi. Nikauliza mbuzi hununuliwa na nani, maana wachezaji wakichanga wenyewe jambo linaanza kunuka kamari. Nikaambiwa hutolewa na mwenye duka mmoja, wala hapana kiingilio. Moyo ukatulia kidogo, na yaliyobaki nawaachia wenye elimu. Sataranji yenyewe wanavyuoni wetu wa Kishafi wameikirihi bila ya kuiharimisha, maadamu haina kamari wala haimpotezei mtu sala.

Kwa asiyecheza dama, kete ya kawaida huenda hatua moja mbele, basi. Ikifika mstari wa mwisho wa adui huwa kingi. Hapo ndipo watu wanapoachana. Kwetu pwani kingi huruka: huenda mbele na nyuma mbali atakavyo, madhali njia ni nyeupe, na humla adui kwa mbali. Kwa Waingereza kingi hurudi nyuma, lakini hatua yake ni ile ile moja. Mzee alisema mchezo aliufundishwa na msimamizi Mwingereza ujanani mwake, na huyo kingi wa kuruka aliletwa baadaye na madereva wa malori.

Kwa bahati dereva wa lori mmoja alikuwapo, tena mtu wa Likoni. "Mzee wangu," akasema kwa adabu, "hao watatu wako hawakuruka pia? Mbona hukuwalalamikia wao?"

Watu wakacheka, na mzee naye akacheka kidogo. Lakini hoja yake haikuwa ya kuchekwa. Kingi wa kuruka akiishika ile njia ndefu, kingi watatu hawamuwezi hata wacheze mpaka Magharibi. Akiwa nje ya njia hiyo, watatu wakijipanga vizuri humbana. Kwa Waingereza, ambako kingi hutembea, wawili tu wanatosha kummaliza mmoja. Kwa hiyo mzee alikuwa anadai haki yake: amekula kete kumi na moja za mwenziwe, na malipo yake ni sare.

Basi nami nikatia langu, kama ilivyo desturi ya mgeni asiyejua kunyamaza. Niliwaambia kuwa kingi wa kuruka hakuzuka Mombasa. Dama ya Waturuki na ya Waarabu wa Sham na Kuwait, yenye kete 16 kila upande na inayokwenda kwa mistari iliyonyooka, ina kingi wa kuruka vile vile. Tena katika sataranji ya zamani waziri alikuwa mnyonge, hatua moja ya mshazari na hana zaidi. Mwishoni mwa karne ya 15, huko Hispania, akageuzwa malkia na kupewa mbio za ubao mzima. Wapo walioiita sataranji ya bibi mwenye wazimu. Lakini hakupigwa marufuku. Ule mchezo wa zamani ndio uliokufa huko Ulaya.

Na huyo kingi wa kutembea hakuiondoa sare. Mwaka 2007 Jonathan Schaeffer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walitangaza kuwa kompyuta yao, kazi waliyoianza mwaka 1989, imeimaliza dama ya Kiingereza: wachezaji wawili wasiokosea hata mara moja watatoka sare daima.

"Hao wasiokosea wako Kariandusi?" mzee akaniuliza. Sikuwa na jibu.

Rai yangu ilikuwa, na bado ni, kwamba nguvu za kingi si dhuluma, kwa sababu mlango wake uko wazi kwa wote wawili na kila mmoja hulipa kete zake kuufikia. Kinachochosha ni kufukuzana bila kikomo. Warusi, ambao kingi wao huruka kama wetu, wameweka hesabu: mwenye kingi watatu dhidi ya mmoja ana hatua 15, asipomshika ni sare. Nikawashauri waifuate.

Mzee akafikiri, kisha akanitazama kama mtu aliyeuziwa samaki wa jana. "Basi hesabu hiyo inamsaidia yeye, si mimi!" Ni kweli, wallahi, sikuliona hilo. Dereva wa lori akaleta dawa ya Ghana, ambako mchezaji akibakiwa na kete moja tu huhesabiwa ameshindwa. Mzee akapiga kofi kwa furaha. Kijana wa bodaboda akaruka juu: hiyo ni kuua utamu wote wa mchezo, mtu asipewe nafasi ya kujiokoa! Kelele zikaanza upya, na sasa hata muuza mahindi ya kuchoma akaacha jiko lake aje kutoa rai.

Dereva wangu akapiga honi. Nilipoinuka kupangusa vumbi jeupe kwenye kanzu, mzee alikuwa anapanga vizibo tena. "Kaa chini," akamwambia kijana. "Na aruke. Safari hii hiyo njia ndefu naikalia mimi."