Mota Kubwa ya Guta la Umeme: Kweli au Uongo?

Dar es Salaam imeshazoea bajaji na maguta ya umeme. Anayetaka kulishusha guta moja hadi Kibiti, likabebe korosho, nazi na matenga ya kaa, anakutana na mambo mawili tofauti: lami ya barabara kuu iendayo Lindi, na njia za mchanga na matope zinazoelekea Nyamisati na vijiji vya delta ya Rufiji. Guta likikwama huko, ushauri wa kwanza kijiweni huwa mmoja: tia mota kubwa. Kabla ya kutoa pesa, tuyapime yanayosemwa. Mengi yanahusu hata magari ya gofu ya mahotelini, maana mpangilio ni uleule: betri, kontrola, mota na gia.

"Mota yenye wati nyingi ndiyo inayovuta zaidi."
SI KWELI. Wati ni nguvu ya kuzungusha ikizidishwa kwa kasi ya mzunguko, kwa hiyo mota mbili zenye wati sawa zinaweza kuvuta tofauti kabisa. Mota ya wati 3,000 inayotoa nguvu hiyo kwa mizunguko 3,000 kwa dakika inazungusha kwa nyutoni-mita 9.5 hivi. Ya wati hizohizo kwa mizunguko 1,500 inatoa 19. Ya pili ndiyo ya mchanga. Muulize muuzaji mizunguko, kisha muulize kama wati zilizoandikwa ni za kazi ya saa nzima au ni kilele cha sekunde chache. Wauzaji wengi hupenda kutaja kilele.

"Ukibadili mota, vingine viache vilivyo."
SI KWELI. Kontrola ndiyo inayoamua ampea ngapi zipite. Kontrola ya ampea 30 kwenye betri ya volti 60 haipitishi zaidi ya wati 1,800, hata ukiifungia mota ya 3,000. Utakuwa umenunua uzito tu. Ukiweka kontrola ya ampea 60, nyaya, fyuzi na viunganishi navyo lazima viweze kuzibeba, na betri iwe na uwezo wa kuzitoa. Halafu kila aina ya mota ina kontrola yake: ile ya mota ya brashi haiendeshi mota isiyo na brashi.

"Ukiongeza volti, spidi inaongezeka."
KWELI, ila spidi siyo mvuto. Kutoka volti 48 kwenda 60, mota isiyo na mzigo itazunguka kwa kasi zaidi kwa robo hivi. Lakini nguvu ya kung'oa tairi mchangani inatokana na ampea. Ni kama Bwawa la Julius Nyerere huko juu ya mto Rufiji: megawati zake 2,115 zinatokana na kimo cha maji pamoja na wingi wa maji yanayopita, na kimo peke yake hakizungushi kitu. Kabla ya kuongeza betri, soma kwenye kontrola kikomo cha volti. Ukikivuka, inaweza kuungua papo hapo. Na breki zilizotengenezwa kwa mwendo wa pole hazitakua kwa sababu umeongeza betri.

"Mota kubwa inamaliza chaji."
NUSU KWELI. Kinachokula chaji ni kazi. Chukua guta la kilo 700 pamoja na mzigo. Kwenye lami tambarare, kwa kilomita 20 kwa saa, matairi yanahitaji kama wati 600 tu. Mchanga mlaini unaweza kuzidisha ukinzani mara kumi: kwa spidi ileile, sasa unahitaji wati 6,000. Shuka hadi kilomita 8 kwa saa, na hitaji linarudi kwenye 2,400 hivi. Mota ndogo ikilazimishwa kubeba hilo inavuta ampea nyingi, na ampea zikiwa mara mbili, joto kwenye nyaya zake huwa mara nne. Chaji inaishia kwenye joto hilo. Mota kubwa kidogo inaweza hata kuokoa chaji, mradi dereva asiigeuze kuwa ya mashindano.

"Mota isiyo na brashi haiogopi maji."
SI KWELI. Haina brashi za kulika, lakini ina beringi, plagi na vihisi vidogo vinavyoiambia kontrola sumaku ziko wapi. Maji ya chumvi ya bamvu yanavila vyote. Alama ya IP67 maana yake kifaa kimejaribiwa kwa kuzamishwa hadi mita 1 kwa dakika 30, tena kwa maji yasiyo na chumvi. Haikuahidi miaka ya tope la mikokoni. Mota iliyo ndani ya tairi ndiyo ya kwanza kuzama, kwa hiyo kwa delta chagua iliyokaa juu, karibu na difu.

"Mota inayorudisha chaji itajilipa."
SI KWELI kwa huku. Chaji hurudi ukishuka mlima au ukifunga breki mara kwa mara. Delta ni tambarare, na mchanga unakusimamisha wenyewe.

Basi utaratibu wa kununua uwe huu. Kwanza matairi mapana na gia nzito, maana gia inayopunguza spidi kwa nusu inakaribia kukuongezea mvuto mara mbili bila kugusa betri. Pili, kontrola yenye ampea za kutosha, ndani ya kiwango ambacho mota uliyonayo inakihimili. Kama baada ya hapo mota bado inachemka kila safari ya mzigo, hapo ndipo mota kubwa, ya mzunguko wa pole, inastahili pesa yako. Na anayezunguka kwenye lami ya Kibiti mjini tu, asibadili kitu: wati 600 anazo tayari.