Sayari ukutani: hela iende wapi

Anayetaka kutundika sayari ya mbali au wingu la nyota sebuleni ana bahati ya kipekee: picha nyingi zilizo bora kabisa ni za bure. Hata hivyo mitandaoni wamejaa wauzaji wanaozishusha faili hizohizo, wakazibadilisha jina na kuziwekea bei. Ushauri wangu ni mfupi: usilipie faili. Lipia karatasi, wino na fremu, na ukibakiwa na hela za ziada, mlipe mchoraji aliye hai.

Mwenye bajeti ndogo aanze na mabango ya JPL, maabara ya NASA iliyoko Pasadena, California. Mwaka 2016 walitoa mfululizo wa mabango 14 kwa mtindo wa matangazo ya utalii ya zamani. Kuna Kepler-16b, yenye majua mawili, ambako mgeni anasimama na vivuli viwili. Kuna Kepler-186f yenye majani mekundu, na PSO J318.5-22, sayari isiyo na jua lolote, iliyotangazwa kama mahali ambapo usiku wa starehe hauishi. Hakuna aliyewahi kuiona ardhi ya dunia hizo. Ni ubunifu mtupu uliojengwa juu ya vipimo vichache, nao haujifichi. Faili zake kamili, za inchi 20 kwa 30, unazishusha bila malipo. Kwa kuwa rangi zake ni bapa na kingo zake kali, hata mashine ya leza ya steshenari ya mtaani inazitoa vizuri.

Picha za darubini zina gharama nyingine. Ile ya wingu la Carina iliyopigwa na darubini ya anga ya Webb, iliyotolewa tarehe 12 Julai 2022, ina pikseli 14,575 kwa 8,441, kwa hiyo unaweza kuichapa kwa upana wa zaidi ya mita moja bila kupoteza makali. Rangi zake nazo ni kazi ya mikono. Webb hupokea miale ambayo jicho la binadamu haliioni, kisha wataalamu kama Joseph DePasquale na Alyssa Pagan huigawia bluu na machungwa. Shida iko kwenye weusi. Leza ya kawaida huutoa weusi wa anga ukiwa wa kijivu, wenye mistari. Hapa unahitaji printa ya wino na karatasi ya picha isiyong'aa, na bei inapanda. Mimi ningechukua Carina ndogo kwenye karatasi nzuri kuliko Carina kubwa kwenye karatasi mbovu.

Ukiulizia bei dukani, kumbuka kwamba A0 ni mita moja ya mraba, A1 ni nusu yake, na A3 ni sehemu moja ya nane. Kwa hiyo karatasi ikiwa ileile, A1 isizidi mara nne ya bei ya A3. Ikizidi, uliza sababu. Turubai la mabango ya matangazo huuzwa kwa mita ya mraba na mara nyingi ndilo rahisi kuliko yote, lakini huchapwa kwa ajili ya kuonwa kutoka ng'ambo ya barabara. Kwa chumba cha kulala ni hasara. Na tafadhali, usiitume faili WhatsApp kama picha ya kawaida, maana itabanwa. Itume kama hati, au ipeleke kwenye flashi. Kabla ya kulipia kubwa, omba jaribio la A4, kwani skrini huangaza kuliko wino.

Fremu mara nyingi itakugharimu kuliko chapa yenyewe. Picha nyeusi nyuma ya kioo cha kawaida hugeuka kuwa kioo cha kujitazamia, basi itundike mbali na dirisha au uiache bila kioo.

Wapenzi wa michoro ya kale watakutana na majina mawili. Chesley Bonestell, Mmarekani aliyefariki 1986, alichora Zohali ikionekana kutoka mwezi wake Titan mwaka 1944. Kazi zake bado zina hakimiliki, na za asili hufikia makumi ya maelfu ya dola. Mfaransa Lucien Rudaux alifariki 1947, hivyo tangu 2018 michoro yake ni mali ya umma Ulaya. Kwa maoni yangu Rudaux anaonewa. Alitazama ukingo wa Mwezi kwa darubini yake mwenyewe kule Normandy na kuchora vilima vya mviringo, wakati Bonestell alipenda vilele vyenye ncha. Wanaanga wa Apollo walipofika Mwezini, Rudaux ndiye aliyekuwa sahihi.

Ukitaka kutengeneza mandhari yako, Celestia ni programu ya bure. SpaceEngine ni ya kulipia na inadai kompyuta yenye kadi nzuri ya michoro, ila inakuwezesha kutua juu ya sayari yoyote utakayo.

Jihadhari na picha za akili bandia zinazouzwa kama "galaksi halisi". Picha ya kweli ina jina la kitu, darubini na mwaka. Mchoro wa kweli una jina la mchoraji, na wachoraji wa anga wana chama chao cha kimataifa, IAAA, kilichoanzishwa 1982. Ukiagiza kwa mmoja wao, muulize mapema kama bei inajumuisha chapa iliyotiwa saini au faili peke yake, na nani analipa usafirishaji na ushuru.