Damu Isiyo na Mlango: Endometriosisi na Uti wa Mgongo (Sehemu ya Tatu)

Kwa kuwa Machi ni mwezi ambao duniani kote huzungumziwa endometriosisi, yaani maradhi ya utando wa mji wa mimba kuota nje ya mahali pake, nimeona inafaa kuendelea tulipokomea, tulipomwacha Profesa Rokitansky wa Vienna, ambaye mwaka 1860 aliyaeleza maradhi haya kutokana na maiti alizozichunguza, na Daktari Sampson wa Albany, Marekani, ambaye mwaka 1927 alitoa rai kwamba damu ya hedhi hurudi nyuma kupitia mirija ya uzazi, ikamwaga tumboni chembe za utando wa mji wa mimba.

Rai hiyo ni njema, lakini haitoshi kumweleza mwanamke ambaye utando huo umemwotea ndani ya uti wa mgongo, mahali ambapo damu irudiyo haina mlango. Hapo yatulazimu kumrudia Johannes Müller, mwanachuoni ninayemstahi tangu ujana wangu, mwalimu wa wanasayansi Schwann, Virchow na Helmholtz, ambaye mwaka 1830, kabla ya wote hao kupata sifa, alieleza jozi ya mifereji myembamba katika kiinitete, ambayo kwa mtoto wa kike hugeuka kuwa mirija na mji wa mimba. Mifereji hiyo huumbika karibu na uti unaoanza kujengeka. Basi yumkini, pale maumbile ya mgongo yanapokwenda kombo, mbegu za utando huo hupotea njia zikabaki mgongoni, zikalala hadi binti abaleghe. Labda ndiyo maana baadhi ya wagonjwa wachache walioandikwa vitabuni walikutwa pia na mgongo wazi uliofichika chini ya ngozi, au ugwe wa mgongo ulionaswa usiweze kupanda.

Utando huo, popote ulipo, hutii homoni na kutoa damu kila mwezi. Mgongoni damu hiyo huleta maumivu, ganzi na udhaifu wa miguu. Tiba ni upasuaji, au dawa za kuzuia hedhi.

Linalonisikitisha ni kwamba jamaa zetu wengi humwambia binti avumilie, kana kwamba kuumia ni sehemu ya adabu ya kike. Enyi wazazi, binti akilalamika mgongo au miguu kila ajapo mwezini, msadikini, andikeni tarehe zake daftarini, na mumpelekee tabibu daftari hilo pamoja naye.